Gobori na Ayala: Msamiati wa Uwindaji wa Bunduki za Kushindilia Nchini Marekani

Mfasiri anayekabidhiwa maandishi ya Kimarekani yahusuyo uwindaji wa bunduki za kushindilia hukutana na matatizo mawili kabla hajaimaliza sentensi ya kwanza. La kwanza ni jina la mnyama, na la pili ni jina la silaha. Mara nyingi mnyama huitwa kulungu, na silaha huitwa bunduki bandia. Majina hayo mawili yana kasoro, na kasoro zenyewe si za mapambo ya lugha tu, bali zinaharibu maana.

Kulungu ni wa ukoo mmoja na pofu na tandala. Pembe zake ni mfupa uliovikwa ala ngumu mithili ya ukucha, naye hukaa nazo mpaka kufa. Mnyama awindwaye katika misitu ya Pennsylvania au Ohio ni wa ukoo mwingine, ambao kwa asili haupatikani kusini mwa Sahara. Pembe zake ni za mfupa mtupu, zina matawi, tena dume huziangusha kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha akaotesha nyingine. Kwa hiyo mwindaji wa mwezi wa Januari aweza kukutana na dume asiye na pembe hata moja. Kwa kuwa sheria za majimbo mengi hutofautisha mnyama mwenye pembe na asiye nazo wakati wa kutoa vibali, msomaji aliyepewa neno kulungu hawezi kuelewa vipi dume zima likahesabiwa miongoni mwa wasio na pembe. Wafasiri wa Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 walilitumia neno ayala katika Zaburi ya 42, nalo ndilo lifaalo hapa. Ni kweli kwamba ni neno la kitabuni. Hata hivyo, neno la kitabuni lililo sahihi ni bora kuliko neno la mtaani linalomtaja mnyama mwingine.

Ama kwa upande wa silaha, Kiswahili hakina umaskini wowote. Katika karne ya kumi na tisa bunduki za kushindilia ziliingia kwa wingi Afrika ya Mashariki kupitia Unguja na pwani, na hata Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, yaliyozuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa, yaliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Pamoja na bunduki hizo ulikuja msamiati kamili: gobori, baruti, shura, popoo, marisau, mdeki, kifa, fataki, gumegume. Mengi ya maneno hayo yamehifadhiwa katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Ajabu ni kwamba mfasiri wa leo huyapita yote na kubuni vifungu virefu vya maneno manne au matano.

Ufaafu wa maneno hayo huonekana mara tu kazi yenyewe inapoelezwa. Mwindaji husimamisha bunduki kwa tako lake, akapima baruti kwa kikombe kidogo cha shaba, maana baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo. Baruti hiyo kwa desturi ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10 katika kila sehemu 100. Akiisha kuimimina mtutuni huweka juu ya mdomo wa mtutu kiraka cha pamba kilichopakwa mafuta, na juu ya kiraka popoo ya risasi. Na hapa risasi ina maana yake ya asili ya Kiarabu, yaani madini yenyewe. Kwa mtutu wa kipenyo cha nusu inchi popoo hupungua kidogo, inchi 0.49, na uzito wake hukaribia gramu 11. Kiraka ndicho kinachojaza nafasi iliyobaki, kikashika mifereji inayozunguka ndani ya mtutu na kuizungusha popoo itokapo. Ndipo mdeki huingia kazini, na popoo hushindiliwa mpaka ikalie baruti barabara. Popoo ikiachwa katikati, pakawa na uwazi, mtutu waweza kupasuka. Kwa sababu hiyo wawindaji waangalifu hutia alama kwenye mdeki ili wajue imefika.

Hatua inayofuata hutegemea mtambo. Katika bunduki ya fataki, kijikofia cha fataki huvishwa kifani, na nyundo ikipiga, moto hupita kwenye kifa hadi kwenye baruti. Katika gumegume, jiwe hukwaruza kibamba cha chuma, cheche zikaangukia baruti laini iliyomo katika kisahani, na moto ukaingia kwa tundu ubavuni mwa mtutu. Baina ya kuvuta na kulia kwa bunduki hupita kitambo kidogo, na mwindaji hana budi kutulia na shabaha yake katika kitambo hicho. Mvua au umande ukilowesha kisahani, baruti haishiki. Wakati mwingine baruti ya kisahani huwaka peke yake bila bunduki kulia, naye ayala akaenda zake.

Popoo ya mviringo hupoteza kasi upesi hewani, kwa hiyo wengi hawapigi mnyama aliye mbali zaidi ya mita 100, na wenye busara huusogeza mpaka huo karibu zaidi. Risasi ya pili haipo mpaka bunduki ishindiliwe upya, na moshi huziba macho. Mnyama akijeruhiwa vibaya hapana njia ya haraka ya kumwokoa na mateso. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya uwindaji huu, na wapenzi wake wenyewe huikubali.

Lakini je, bunduki hizi ni bandia? Neno bandia humfanya msomaji afikiri juu ya mwanasesere au noti ya uongo, hali silaha hizi zinaua. Chama cha Kitaifa cha walengaji wa bunduki hizi kiliundwa mwaka 1933, wakati bunduki za asili zilikuwa bado zapatikana. Baadaye viwanda vya Gardone Val Trompia, Italia, kikiwamo cha Pedersoli kilichoanza mwaka 1957, vilianza kuziunda upya. Mwaka 1970 kampuni ya Thompson/Center ilitoa bunduki iliyoitwa Hawken, jina la ndugu Jacob na Samuel Hawken, mafundi wa St. Louis. Lakini mtutu wake ulikuwa mfupi kuliko za asili, mapambo yake ya shaba, na ndani ya mtambo mlikuwa na springi ya kisasa ya kujiviringa. Hiyo si nakala; ni mwigo. Afadhali neno nakala litengewe bunduki iliyofuata kielelezo chake kwa uaminifu, na mwigo litumike kwa ile iliyochukua sura tu.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Mwaka 1974 Pennsylvania ilifungua msimu wa pekee wa gumegume kwa wale waliotaka kuwinda kwa taabu ya wazee wao. Majimbo mengine yaliruhusu silaha yoyote ishindiliwayo kwa mdomo. Ilipotokea mwaka 1985 bunduki ya Knight MK-85, ambayo fataki yake hukaa nyuma ya baruti katika mstari mmoja na mtutu, watu walipata silaha iliyoshindiliwa kwa mdomo lakini haikufanana na chochote cha karne ya kumi na tisa. Wengine waliikaribisha, wengine wakaiona kuwa hila. Kwa Kiswahili hii nayo ni gobori kwa jinsi inavyojazwa, wala si nakala wala si mwigo. Pennsylvania kwa upande wake imeendelea kuutengea mtambo wa gumegume msimu wake wa baada ya Krismasi, na wawindaji wake hurudi nyumbani jioni kuosha mitutu kwa maji ya moto na sabuni, kwani masizi ya baruti nyeusi hufyonza unyevu na kula chuma.