Ketamini na Kibofu cha Vijana wa Hong Kong

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mama akihitaji upasuaji wa dharura na mtaalamu wa usingizi hayupo, dawa inayokimbiliwa ni ketamini. Haihitaji mashine kubwa, na mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza Marekani mwaka 1962, na tangu 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ikivutwa puani kwenye kumbi za starehe, hayo ni mambo mengine. Ketamini huziba vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA. Kidogo humfanya mtu ahisi anaelea. Ikizidi, huduwaa, hawezi kusogea wala kusema, na maumivu hayasikii. Anaweza kuungua asijue. Mwigizaji Matthew Perry alikutwa amekufa kwenye bwawa la maji moto nyumbani kwake Los Angeles, Oktoba 2023. Uchunguzi ulitaja ketamini kuwa chanzo kikuu, na kuzama majini kuwa kimojawapo cha vilivyochangia.

Kifo cha namna hiyo hutangazwa. Kibofu hakitangazwi, na kwangu hapo ndipo penye ukatili zaidi. Hong Kong, ambako ketamini ilitapakaa kwa vijana miaka ya 2000, madaktari walianza kupokea wagonjwa wenye umri mdogo kabisa wanaokojoa usiku na mchana, mkojo una damu. Mwaka 2007 wenzao wa Toronto nao waliripoti hali hiyo hiyo. Dawa na mabaki yake hutoka kwa njia ya mkojo, na vikituama kibofuni hubabua utando wa ndani. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hivi au zaidi. Cha mtumiaji hukakamaa na kusinyaa hadi kisibebe hata 100. Mkojo ukirudi nyuma, figo nazo huharibika. Wapo wanaoishia kuongezewa kibofu kwa kipande cha utumbo.

Ubaya wake ni kwamba kinachotuliza maumivu ya kibofu hicho upesi ni ketamini yenyewe, basi mtu huvuta tena.

Wengi hutibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwanza, wakameza antibiotiki bila nafuu, kwa kuwa mara nyingi kipimo hakioni bakteria yeyote. Kama unatumia ketamini na safari za chooni zimeongezeka, acha sasa na umweleze daktari ukweli wote: kibofu kikiwahiwa, mara nyingi hupata nafuu.