Tusilifanye neno ‘mkana Mungu’ kuwa fimbo

Mnamo Agosti 10, 1995, Dkt Richard Leakey alichapwa viboko mjini Nakuru mchana kweupe. Alikuwa amefika na wenzake wa chama kipya cha Safina, wakati ambapo Koigi wa Wamwere alikuwa akishtakiwa mjini humo. Genge la vijana wa KANU likawavamia, na waandishi wa habari nao hawakusazwa. Aliyechapwa alikuwa mtu wa miguu ya bandia. Miguu yake yote miwili ilikatwa chini ya magoti baada ya ajali ya ndege ya mwaka 1993.

Kiini cha shambulio hilo kilikuwa siasa, si dini. Hata hivyo, yafaa tuyakumbuke maneno yaliyotangulia viboko. Tangu Safina ilipotangazwa mwaka huo, Rais Daniel arap Moi na wakuu wa chama chake walikuwa wakimwita Leakey mkoloni, mgeni na mtu asiyemwamini Mungu. Ugeni ulikuwa na jibu, maana alizaliwa Nairobi na alikuwa raia wa Kenya. Tuhuma ya kutoamini haikuwa uzushi. Leakey, mjukuu wa wamishenari wa Kabete, hakuficha kwamba hakuwa mtu wa dini. Lakini kwa nini jambo hilo litangazwe jukwaani mithili ya kosa la jinai?

Miaka minne baadaye tulipata jibu. Mwaka 1999 Rais yuleyule alimteua Leakey yuleyule kuwa Mkuu wa Utumishi wa Umma na Katibu wa Baraza la Mawaziri, serikali ilipokuwa ikitafuta kuaminiwa tena na wafadhili. Leakey hakuwa ametubu wala kubatizwa upya. Kilichobadilika ni haja ya wakubwa. Wahenga walinena kweli kwamba akutukanaye hakuchagulii tusi. Neno lililofaa kumpigia mpinzani liliwekwa kando pindi mpinzani alipohitajika.

Leakey alikuwa na jina, elimu na marafiki ng’ambo, kwa hiyo tusi lilimpita. Je, mwalimu wa shule ya msingi kule Molo, au mwanafunzi wa chuo kule Njoro, akigundua moyoni mwake kwamba haamini, afanye nini? Aghalabu hunyamaza. Huinamisha kichwa katika maombi ya asubuhi, hufumba macho pamoja na wenzake, na Jumapili hubuni safari. Anajua kwamba siku atakaposema ukweli, hataulizwa amefikiri nini. Ataulizwa amelogwa na nani, amejiunga na kundi gani la mashetani, na kama bado anafaa kuachiwa watoto wa watu.

Tusidhani kwamba hofu yake ni ya bure. Katika Bonde la Ufa la kati, kanisa halikuwa nyumba ya ibada tu. Baada ya uhuru, watu wa makabila mengi walikuja kununua mashamba na kutafuta kazi Nakuru, Njoro, Molo, Rongai na Subukia, wakiwa wameacha koo zao mbali. Kanisani ndiko mgeni alikopata ndugu. Huko ndiko michango ya karo ilikofanyiwa, posa zilikojadiliwa na mipango ya mazishi ilikopangwa. Wakati wa ghasia za kikabila za 1992 na zile za 2007 na 2008, waliofurushwa makwao walipata hifadhi katika nyua za makanisa. Wema huo ni mkubwa, nasi hatuna budi kuukiri. Lakini ndio unaomfanya asiyeamini aogope kuliko jela. Akijitenga na waumini, hupoteza mkopo, mchumba na watu wa kumchimbia mama yake kaburi. Kumtisha mtu kwa mambo hayo hakuhitaji sheria wala polisi.

Sheria yenyewe haina utata. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Chakataza mtu kunyimwa kazi au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake, na chakataza pia kumlazimisha mtu kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Hata mahakamani, Sheria ya Viapo humruhusu shahidi asiye na dini kutoa uthibitisho badala ya kuapa kwa kitabu kitakatifu. Ilhali twajua sheria ni kitu kimoja, na macho ya jirani ni kitu kingine.

Wakati mwingine hata dola huyafuata macho hayo. Jumuiya ya wasioamini nchini ilisajiliwa Februari 2016; Aprili mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili wake, kwa hoja ya kulinda amani ya umma. Amani gani hiyo iliyotishwa na watu wasiosali? Katika sensa ya 2019, watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini, yaani kama asilimia 1.6 ya Wakenya. Hao ni watu walioweza kumtamkia karani wa sensa neno hilo, pengine jamaa zao wakisikiliza. Walionyamaza hawamo katika hesabu.

Yuko atakayeuliza: mtu asiyemcha Mungu atazuiwa na nini asiibe wala asiue? Swali hili si la kupuuzwa, lakini Bonde la Ufa lilikwisha kulijibu kwa uchungu. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto huku akina mama na watoto wakiwa wamejificha ndani. Katika miezi hiyo, waliochoma na waliochomewa nyumba walikuwa, kwa wingi wao, watu waliokuwa wakiimba tenzi zilezile siku ya Jumapili. Silisemi hili kuikejeli dini, kwa maana waliowaficha majirani wa kabila jingine nao walikuwa waumini. Nalisema ili tukubali kwamba wema na ubaya wa mtu hupimwa kwa matendo yake, si kwa jibu alilojaza katika fomu.

Fauka ya hayo, kulazimisha kuna hasara kwa dini yenyewe. Anayesali kwa kumwogopa mwalimu mkuu amemwabudu mwalimu mkuu. Muumini wa kweli angepaswa kuwa wa kwanza kuichukia sala ya namna hiyo.

Ndugu zangu walimu, siku moja mwanafunzi atainua mkono darasani na kuuliza kama kweli Mungu yupo. Usimpeleke kwa mwalimu wa nidhamu, wala usimwite mzazi wake kana kwamba amekamatwa na bangi. Mpe hoja za wanaoamini na za wasioamini, umweleze unalosadiki wewe, kisha umwache afikiri. Nawe mwanafunzi usiyeamini, usiwadharau wanaoamini ukidhani shaka yako ni shahada ya akili. Heshima unayoidai ni deni lako pia.

Leakey alifariki Januari 2, 2022. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kifo chake, na taifa likamwomboleza kwa kazi aliyoifanya katika kuwalinda wanyamapori na kuchunguza asili ya binadamu. Alipimwa kwa aliyoyatenda. Kipimo hicho ndicho anachokidai mwalimu wa Molo, tena akiwa angali hai na angali darasani.