Maji ya kisima kwa samaki wako? Ngoja kwanza

Umenunua tangi la kioo, umeweka samaki wa rangi, na hapo nje ya ploti kuna kisima. Maji ya bure, tena hayana klorini kama ya mfereji. Utataka nini zaidi? Tulia kidogo, rafiki yangu.

Mimi niliteka ndoo nikamwaga zote mara moja. Kufika asubuhi, samaki wanne wanaelea. Maji yanayotoka tu ardhini mara nyingi huwa na oksijeni kidogo na kabonidayoksaidi nyingi. Yaache saa 24 pampu ikiyapuliza hewa, ndipo upime pH. Halafu badilisha robo tu ya tangi, si yote.

Kama uko Mombasa, kumbuka visima vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji ni magumu, yamejaa chokaa, na karibu na bahari yana chumvi. Guppy na molly watayazoea. Neon tetra watateseka. Na choo cha shimo kikiwa jirani, pima amonia na naitreti kwanza.

Usipigane na kisima chako. Chagua samaki anayeyaweza maji uliyo nayo.