Masalia ya Python ya kale yanavyokwamisha programu

ANAYEHAMISHA programu za kompyuta kutoka lugha ya Python 2, ambayo wasimamizi wake walikoma kuihudumia Januari 1, 2020, huenda akashangaa zikikataa kuanza ilhali kila mstari umerekebishwa. Mara nyingine kosa limo katika masalia.

Python inapoiita moduli kwa mara ya kwanza, huitafsiri na kuihifadhi tafsiri hiyo katika faili ambayo jina lake huishia na .pyc, ili isirudie kazi. Kila tafsiri hubeba nambari inayotambulisha toleo lililoiunda. Katika Python 2, faili hizo zilikaa bega kwa bega na msimbo asilia. Mwandishi akiufuta msimbo, tafsiri ilibaki na kuendelea kutumika. Moduli ya kukokotoa ada iliyodhaniwa kufutwa ingeweza kuwatoza wateja viwango vya kale, pasi na mtu kujua! Python 3 ikikutana na mzuka huo huona nambari ngeni na kugoma. Afadhali igome kuliko ikokotoe uongo.

Toleo la 3.2 la mwaka 2011 lilianza kuzitenga tafsiri katika folda ya __pycache__, kila moja ikitajwa toleo lake. Zilizomo humo hazitumiki pasipo msimbo.

Kuzifuta faili za .pyc si hatari, mradi msimbo upo, zitaundwa upya. Usipokuwepo, huenda hiyo ndiyo nakala pekee iliyosalia: ihifadhi kwanza. Moduli zilizoandikwa kwa lugha ya C, kwa kawaida, sharti zisakinishwe upya.