Mwalimu, Google inasema siku ya 14!

Wewe unayesoma Chapwa, hapa Tunduma, waulize kaka na dada zako darasa la zamani lilikuwaje. Mwalimu, ubao, chaki. Alichoandika mwalimu ndicho ulichonakili, na ndicho ulichojibia mtihani. Basi.

Siku hizi unarudi nyumbani, unaazima simu ya mama, unasoma mwenyewe. (Ukiwa karibu na mpaka angalia isije ikakamata mtandao wa Zambia, salio likaisha!) Shule Direct ilianza mwaka 2013 kuweka masomo ya sekondari kwenye intaneti. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Mwaka 2020 korona ilipofunga shule kuanzia Machi, mwenye simu aliweza kuendelea kusoma. Asiye nayo alibaki na madaftari yake mpaka shule zilipofunguliwa Juni. Hata pasipo mtandao ipo njia: programu ya bure iitwayo Kolibri. Masomo yanapakuliwa mara moja mahali penye intaneti, halafu mnayasoma kwenye kompyuta ya shule bila bando.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mko kwenye Baiolojia, mada ya uzazi. Mwanafunzi ananyoosha mkono: "Mwalimu, Google inasema yai linapevuka siku ya 14. Kwa hiyo siku nyingine ni salama?"

Je, ni kweli? Siku ya 14 ni ya msichana mwenye mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, siyo siku 14 baada ya iliyopita. Chukua kalamu. Mwenye mzunguko wa siku 35: toa 14, unapata siku ya 21. Mwenye siku 24: siku ya 10. Na msichana wa umri wako mzunguko wake unaweza kuwa siku 21 hadi 45, tena ukabadilika mwezi hadi mwezi, hasa miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo. Ongeza na hili: mbegu za kiume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Hapo kalenda itakusaidia nini?

Umeona? Simu haikudanganya kabisa, ila haikukuuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi. Aliyesoma sentensi moja akafunga simu anaweza kupata mimba kwa hesabu ya mtu mwingine. Ni kweli, tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule, lakini wenzake watakuwa wameshasonga mbele.

Mimi sioni ubaya shule kukataza simu. Ubaya ni mwanafunzi kuambiwa "hayo ya kwenye simu, kaa chini!" Walimu wetu, swali kama hilo liandikeni ubaoni, darasa zima lipige hesabu. Na wewe, ukiona aibu kuuliza, andika ulichosoma kwenye karatasi bila jina, umwachie mwalimu wa Baiolojia au mlezi wa klabu ya afya. Andika pia umekisoma wapi, ili naye akafungue ukurasa huohuo.