Mtu Mzima Asiye na Jina: Istilahi, Kazi za Sanaa na Kujitambua kwa Wenye Usonji Gitega na Muyinga

Makala haya yanahusu watu wazima wa Burundi, hususani wa Gitega na Muyinga, ambao ubongo wao hupokea na kupanga mambo kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi: wenye usonji, wenye disleksia, na wale ambao kutuliza umakini ni kazi ya kila siku. Hoja kuu ni kwamba mtu wa namna hii hujitambua kupitia lugha na kazi kabla ya kujitambua kupitia hospitali, na kwamba Kiswahili, kwa jinsi tulivyokikuza hadi sasa, kimempa neno la utotoni tu.

Neno usonji limekwisha kukubalika Tanzania na Kenya. Hata hivyo, katika magazeti, katika miongozo ya walimu na katika hotuba za tarehe 2 Aprili kila mwaka, neno hilo huandamana mno na mtoto au mzazi. Historia ya taaluma yenyewe imechangia. Leo Kanner aliandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11. Victor Lotter, aliyechapisha mwaka 1978 uchunguzi wake wa miji kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwemo, naye aliwatafuta watoto. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikusanya maoni ya wazazi na wataalamu. Kazi hizo ni za thamani kubwa, lakini mtoto hukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kadirio hilo ni la watu wa rika zote.

Mtu mzima aliyekosa jina hupewa majina. Huitwa mkaidi, mvivu, mwenye kiburi asiyejua kusalimia. Kwa Kirundi huweza kuitwa umusazi, yaani mwendawazimu. Orodha za dalili zilizotungwa ng'ambo nazo hazimsaidii sana. Kukwepa kumtazama mtu machoni, ambako katika orodha hizo huhesabiwa kuwa dalili, nchini Burundi ni adabu ya kijana mbele ya mkubwa wake. Kinyume chake, salamu ndefu za Warundi, zenye kushikana mikono na kuulizana habari za nyumbani moja baada ya nyingine, humchosha mtu ambaye orodha hiyo isingemgundua kamwe.

Hapa suala la ngeli lina uzito kuliko linavyoonekana. Kirundi kina ikimuga (mlemavu) na ikiragi (bubu). Kiswahili kina kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Lugha zote mbili zimewaweka watu hao katika ngeli ya vitu. Tofauti iko katika upatanisho: Mswahili husema kiziwi amefika, akimrudishia mtu utu wake katika kitenzi, ilhali katika Kirundi kitenzi hufuata ngeli ya nomino. Mageuzi ya miongo ya karibuni yamehamishia jambo hili katika majina ya dhahania: ubumuga, ulemavu, na sasa usonji. Ndiyo lugha ya sera, na inaafikiana na mwelekeo wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, na wa sheria yake ya mwaka 2018 kuhusu haki za watu wenye ulemavu.

Mageuzi hayo yalihitajika, ila yana gharama yake. Mtu mwenye ulemavu ni mtu aliyebeba kitu; aliyebeba hutarajiwa kutua. Mwenye usonji hawezi kuutua mpangilio wa fikra zake, na wengi wa wanaoandika juu ya maisha yao tangu miaka ya 1990 wamelikataa wazo hilo la mzigo. Viziwi wa Tanzania walikwisha kutuonyesha njia: jumuiya yao inaitwa Chama cha Viziwi Tanzania, na kiambishi ki- kimebaki mahali pake bila kuwavunjia heshima, kwa kuwa walijiita wenyewe. Wataalamu wa istilahi, nami nikiwemo, tumezoea kubishana juu ya viambishi na kusahau kuuliza ni nani aliyekuwepo neno lilipochaguliwa.

Lugha hukamilishwa na kazi. Takriban kilomita saba kutoka mjini Gitega ndipo ilipo Gishora, kilima cha ngoma za kifalme. Ngoma hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Katika kundi la wapigaji, inkiranya iko katikati na huongoza, ibishikizo huifuata, amashako hushikilia mdundo mmoja usiobadilika. Ipo basi nafasi rasmi, yenye jina na heshima, kwa mtu ambaye marudio humtuliza. Inanga nayo, zeze la Burundi, huimbiwa kwa kunong'ona. Sidai kwamba ala hizi zilibuniwa kwa ajili ya wenye usonji. Ninachodai ni kwamba utamaduni huu tayari una kazi ambazo ndani yake kurudiarudia, ukimya na uangalifu wa kupita kiasi ni ustadi. Mlango huo, hata hivyo, hauko wazi kwa wote: amri ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga ngoma. Kwa kuwa wanawake wenye usonji hukawia zaidi kutambuliwa, hasara yao hapa ni maradufu.

Mfano wa Marekani unafaa kulinganishwa, kwa tahadhari. Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika maelezo ya Kanner, aliishi hadi mwaka 2023 katika mji mdogo wa Forest, Mississippi. Alifanya kazi benki, alicheza gofu, alisafiri, na majirani walimlinda. Husimuliwa kama ushahidi kwamba jamii ndogo huweza kumpokea mtu. Ni kweli, lakini benki ile ilikuwa ya familia yake. Fundi wa Gitega hana benki, na upole wa majirani peke yake si sera.

Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, kuna kielelezo cha aina nyingine: maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, ikiwa sehemu ya mpango wa shule jumuishi ya watoto viziwi. Ndani yake umetundikwa wavu mpana wa kamba za katani, ambapo msomaji hupanda na kujilaza na kitabu chake. Jengo hilo linakubali kwamba mwili unaosoma si lazima ukae wima kitini. Wenye umakini usiotulia wangenufaika na wazo hilo hata wakiwa na miaka 40.

Kwa washauri wa sera, jambo la kwanza ni hesabu. Maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, yanayotumiwa katika sensa nyingi, huuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia na kuwasiliana. Mpiga amashako mwenye usonji anaweza kujibu yote kwamba hana ugumu, akatoweka katika takwimu. La pili ni istilahi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki inafaa kuitisha mjadala wa maneno haya pamoja na watu wazima wanaohusika, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na ikiwezekana mjadala huo ufanyike Muyinga, ambako lugha hizo mbili hukutana sokoni kila siku. Maswali yatumwe mapema. Asiyependa kusema aruhusiwe kuandika, na ambaye maandishi humsumbua aruhusiwe kusema. Kikao kiwe cha asubuhi moja, katika chumba kisicho na vipaza sauti.