Ndoto Inayokusumbua: Iandike Kabla Haijapotea

Mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipeleka kwa mpiga ramli kabla ya kulifikisha zahanati: ndoto nzito zinazorudi usiku baada ya usiku.

Chukua mfano wa mama wa Mashewa aliyeanza dawa za kupunguza makali ya VVU juma lililopita. Usiku anaota anavuka Mto Lwengera. Mara mto umekuwa barabara ya Magoma, na mtoto aliyembeba mgongoni amegeuka gunia la mahindi. Anaamka jasho linamtiririka. Anadhani amerogwa, au dawa zinamwua, naye anaziacha. Ndoto haikumdhuru, kuacha dawa kutamdhuru.

NDOTO HUTOKA WAPI?
Mwaka 1953, huko Chicago, Marekani, wataalamu Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kuwa kuna vipindi vya usingizi ambapo macho ya mtu aliyelala huenda huku na huko upesi chini ya kope. Ndoto zilizo wazi zaidi huja katika vipindi hivyo. Hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kuelekea alfajiri. Ubongo unafanya kazi, lakini sehemu inayopanga mambo imepumzika. Ndiyo maana mto hugeuka barabara na mwotaji hashangai.

NI NINI KINACHOZIZIDISHA?
Homa, malaria, pombe, msiba na hofu huweza kuzidisha ndoto. Baadhi ya dawa pia. Efavirenzi, iliyotumiwa na wengi nchini kwa miaka mingi, ilijulikana kwa ndoto kali, hasa majuma ya kwanza. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye dawa yenye dolutegraviri. Hii nayo huweza kuwasumbua baadhi ya watu usingizini. Mara nyingi hali hupungua yenyewe, au mhudumu hubadili saa ya kumeza, kutoka usiku kwenda asubuhi.

JINSI YA KUIKUMBUKA NA KUIANDIKA
Ndoto husahaulika katika dakika chache. Kwa hiyo:
1. Weka daftari na kalamu karibu na kitanda kabla ya kulala.
2. Ukiamka, usiinuke upesi. Tulia ulivyolala, ushike picha ya mwisho, kisha urudi nyuma.
3. Andika maneno machache kwanza: mto, barabara, mtoto, gunia. Mengine yatafuata.
4. Usiinyoshe ndoto. Kama mtu alibadilika, andika kwamba alibadilika.
5. Andika tarehe, ulichokula au kunywa, dawa uliyomeza na saa yake, na kama ulikuwa na homa.
Asiyejua kuandika amsimulie mtu anayemwamini amwandikie. Ndoto ikikutia hofu mno, inatosha kuandika: "Ndoto mbaya, nimeamka mara mbili."

BAADA YA MAJUMA MAWILI
Soma daftari lako. Je, ndoto zilianza siku ulipobadilishiwa dawa? Huja baada ya pombe? Peleka daftari hilo kliniki. Mhudumu atapata mengi humo kuliko katika maneno "silali vizuri." Usiache dawa wala usibadili saa ya kuimeza kabla hujamwuliza.

Lakini usingoje daftari ikiwa mgonjwa mwenye homa anaweweseka akiwa macho, au hatambui watu. Hiyo si ndoto. Huenda ni malaria kali. Mkimbize kituo cha afya au Hospitali ya Magunga, Korogwe, saa hiyo hiyo. Vilevile, mzee anayepiga ngumi na mateke usingizini aonwe na daktari. Na mtu ambaye ndoto zinamfanya atamani kufa asiachwe peke yake. Apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

IMANI INASEMAJE?
Kanisa linakataza ramli, wala halituruhusu kumtuhumu jirani uchawi kwa sababu ya ndoto. Katika Maandiko, Mtakatifu Yosefu aliongozwa katika ndoto, na sura ya 7 ya kitabu cha Danieli inaeleza kuwa Danieli aliiandika ndoto yake. Basi wazazi, mtoto akiamka analia usiku, msikilizeni, mwombeeni, naye alale tena. Asubuhi mwulizeni aliota nini, na daftari liwe karibu.